Uswidi, Siam na Hamamni

Karatasi tunayompa mteja pale mapokezini imejaa majina ya nchi kama ubao wa safari za uwanja wa ndege. Uswidi dakika sitini, Thailand dakika tisini, Japani, Bali, India, kisha chini kabisa, kwa herufi za mapambo, "Masaji ya Kiswahili ya Mabinti wa Sultani", ambayo ndiyo ghali kuliko zote. Mteja huishika, huigeuza nyuma kutazama kama kuna maelezo zaidi, halafu huniuliza mimi niliyesimama na taulo mkononi: dada, ipi nzuri?

Kazi yangu ni kukanda watu, hapa Mji Mkongwe, Unguja. Kabla yangu alikuwa bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, ambaye karatasi ya namna hii hakuwahi kuiona. Yeye alikanda wazazi waliojifungua, alichua miguu iliyoteguka, alisinga maharusi. Nilijifunza kwake kwanza, kisha Dar es Salaam, darasani, ambako nilipewa cheti chenye muhuri. Swali la mteja huwa nalijibu kwa swali: unaumwa wapi, na leo umefanya nini? Lakini majina yale yamenikaa kichwani, na kila nikipata nafasi nimekuwa nikiyafuatilia yalikotoka. Nilichokiona ni kwamba karatasi yetu ni orodha ya walioandika. Mwenye chuo, mwenye jiwe la kuchonga, mwenye leseni ya serikali, jina la nchi yake limekaa juu. Aliyekuwa na mikono mitupu hayumo, au yumo kwa jina la aliyekuwa akimkanda.

Nianze na Uswidi, maana ndiyo inayochaguliwa na wengi, hasa anayekuja mara ya kwanza na anaona haya kuuliza. Husifiwa kuwa kazi ya Pehr Henrik Ling, aliyezaliwa 1776. Ling alikuwa mwalimu wa kupigana kwa upanga na mtunzi wa mashairi. Mwaka 1805 alianza kufundisha upanga katika chuo kikuu cha Lund, na mwaka 1813 serikali ikamkubalia kuanzisha Stockholm taasisi kuu ya kifalme ya mazoezi ya viungo. Alifundisha mazoezi ya skuli, mazoezi ya askari na mazoezi ya wagonjwa. Katika fungu la wagonjwa kulikuwa na kusugua na kubonyeza, ndiyo, lakini kazi kubwa ilikuwa mwendo: mgonjwa anasukuma mkono, mwalimu anauzuia, mgonjwa anainua mguu, mwalimu anaulemea. Ling angeingia leo kwenye chumba changu chenye mshumaa na muziki wa kinanda, nadhani angeuliza vyuma vya mazoezi viko wapi.

Ile mikono mirefu inayoteleza juu ya mafuta, kule kukanda kama unga, kusugua kwa dole gumba, kugonga kwa ubavu wa kiganja, yote yale tuliyoyakariri darasani kwa majina ya Kifaransa, huhesabiwa zaidi kuwa ya Johann Georg Mezger. Huyu hakuwa Mswidi. Alikuwa Mholanzi, mzaliwa wa Amsterdam mwaka 1838, mwaka mmoja kabla Ling hajafa. Alipomaliza udaktari huko Leiden mwaka 1868, tasnifu yake ilihusu kifundo cha mguu kilichoteguka na namna ya kukitibu kwa kukichua.

Niliposoma hilo nilicheka peke yangu. Mguu ulioteguka! Hiyo ndiyo kazi ambayo majirani walimletea bibi tangu asubuhi: mtoto aliyeanguka mwembeni, mchukuzi wa Malindi aliyekanyaga vibaya. Hakukimbilia panapouma. Alitia mafuta ya nazi viganjani, akayapasha kwa kusugua mikono, akaanza juu, karibu na goti, akipandisha polepole, akirudi chini kidogo kidogo mpaka mwenye mguu amesahau kuukaza. Hapo ndipo alipokigusa kifundo. Mwaka 1868 Unguja ilikuwa chini ya Seyyid Majid, na sina shaka wakati Mezger anaitetea tasnifu yake Leiden, kuna mwanamke mahali fulani hapa kisiwani aliyekuwa amepakata mguu wa mtu. Mezger alipata sifa mpaka kwa wafalme. Alitibu katika hoteli kubwa ya Amstel mjini Amsterdam, baadaye Domburg, kijiji cha pwani, na wakubwa wa Ulaya wakamfuata huko. Yeye mwenyewe baada ya tasnifu hakuandika sana. Madaktari waliokuja kumtazama ndio walioandika, wakayapa majina yale mapigo ya mikono, wakayapanga, wakayapeleka kwao. Kwa hiyo masaji ya Uswidi ni ya Mholanzi, majina yake ya Kifaransa, na ukienda Uswidi kwenyewe utakuta wanaiita masaji ya klasiki tu.

Hapa niseme jambo ambalo wenzangu wa kazi hawapendi kulizungumza. Nilipoajiriwa spa, mjomba wangu alimvuta mama pembeni akamuuliza kama ile ni kazi ya heshima. Simlaumu. Dar es Salaam na Nairobi kuna milango ya vioo vyeusi iliyoandikwa "masaji", na kila mtu anajua ndani hakuna anayeumwa mgongo. Basi London nako kulikuwa hivyohivyo. Mwaka 1894 jarida la madaktari wa Uingereza lilitoa habari za nyumba za masaji za mji ule ambazo zilikuwa madanguro. Wanawake wanne, wauguzi na wakunga, wakaona kazi yao inachafuliwa. Mwaka huohuo wakaunda chama chao cha wakandaji wanawake waliofunzwa. Wakajiwekea sheria kali: hakuna kumkanda mwanamume isipokuwa kwa sababu ya ugonjwa na kwa amri ya daktari, hakuna kujitangaza kwenye magazeti ya kawaida, na mitihani ya kuhakikisha mtu anaijua kazi. Mwaka 1920 walipata hati ya mfalme, na mwaka 1944 chama kikachukua jina la fiziotherapia. Ukienda hospitali ya Mnazi Mmoja ukapelekwa chumba cha fiziotherapia kwa ajili ya bega lililoganda, uzi mmoja wa kazi ile unarudi kwa wale wanne. Walishinda kwa karatasi: mtihani, rejista, hati. Mjomba nilimwonyesha cheti chenye muhuri, naye akatulia. Mikono ya bibi peke yake isingemtuliza.

Thailand ni habari nyingine, na mimi naipenda kuliko zote kuisimulia. Mteja halali kitandani bali kwenye godoro sakafuni, havui nguo, hapakwi mafuta. Mkandaji anatumia dole gumba, kiwiko, goti na nyayo, anabonyeza kufuata mistari kumi ambayo wao wanaamini inapitisha uhai mwilini, kisha anamvuta mtu, anamkunja, anamnyoosha. Wanamtaja Jivaka, tabibu wa zama za Buddha, kuwa ndiye baba wa kazi hiyo. Mfalme Rama wa Tatu, aliyetawala Siam toka 1824 hadi 1851, alipoanza kulikarabati hekalu la Wat Pho mjini Bangkok katika miaka ya 1830, aliamuru elimu ya nchi ikusanywe na kuchongwa juu ya mawe: mashairi, dawa, nyota, na masaji. Ya masaji ni mawe sitini, kila moja lina picha ya mwili wa mtu, nukta za kubonyeza na maelezo yake. Yamewekwa ukutani wazi, si kwenye sanduku la mfalme, ili mwenye kupita asome. Mwaka 1955 shule ya dawa za jadi ikafunguliwa palepale hekaluni, masaji yakaingia humo, na wanafunzi wake wakatawanyika duniani. Desemba 2019 UNESCO ikaiingiza masaji ya Kithai katika orodha ya urithi wa binadamu.

Nikiyafikiria mawe yale husikia wivu. Miaka ya 1830 ndiyo miaka Seyyid Said alipokuwa anaihamishia baraza yake Unguja kutoka Maskati. Wafalme wawili wa bahari ileile, wa wakati mmoja, wote wana watu wanaokanda majumbani mwao. Mmoja anachonga mawe sitini.

Japani nitaipitia haraka. Huko ukandaji wa jadi ulioitwa anma, katika zama za Edo, ulikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya vipofu. Sugiyama Waichi, kipofu aliyeishi karne ya 17, ndiye aliyeongoza shule za kuwafunza sindano na ukandaji, na vipofu wakapata kazi inayolindwa na serikali. Shiatsu, jina linaloandikwa kwenye karatasi yetu, ni ya juzi. Tokujiro Namikoshi, aliyezaliwa 1905, anasimuliwa kuwa alianza utotoni kwa kumbonyeza mama yake aliyeugua viungo. Alifungua chuo Tokyo mwaka 1940, na serikali ikaitambua shiatsu kama kazi inayojitegemea mwaka 1964. Ndiyo kusema, ina umri sawa na Mapinduzi yetu.

Na mengine yaliyo kwenye karatasi ni madogo zaidi kuliko yanavyojifanya. Masaji ya mawe ya moto, ambayo wageni hudhani ni siri ya kale, kwa namna hii tunayoiuza ilitengenezwa na mwanamke mmoja wa Arizona, Mary Nelson, mwaka 1993. Mwenyewe nina nguo kuukuu kuliko hiyo. Ramani ya nyayo, ile inayoonyesha ini liko wapi na figo ziko wapi chini ya mguu, imetokana na Mmarekani Eunice Ingham aliyeichapishia kitabu mwaka 1938. Masaji ya mafuta ya kunukia inapata jina lake kwa mkemia Mfaransa, René-Maurice Gattefossé, na kitabu chake cha 1937. Hapo sicheki, maana katika chupa zile huwa mna mafuta ya mlangilangi wa Ngazija na ya karafuu, na nani anajua kama hayakupita kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba. Vijiti vya karafuu vinatoka kwetu kwa gunia, vinarudi kwetu kwa chupa ndogo nyeusi.

Yupo mmoja ambaye hayumo kwenye karatasi lakini namkumbuka kila mara. Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, India, mwaka 1759, aliyehamia Brighton, Uingereza, akafungua nyumba ya mvuke na kukandwa kwa namna ya Kihindi. Waingereza mwanzoni walimcheka. Yeye akaandika kitabu mwaka 1822, akikusanya humo habari za watu waliopona mikononi mwake, na akaishia kuwa mkandaji rasmi wa wafalme wawili, George wa Nne na William wa Nne. Mtu kutoka nchi iliyotawaliwa, mikono mitupu, lakini alishika kalamu. Kwa hiyo jina lake tunalo.

Sasa Unguja.

Salme binti Said alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka kisiwani 1866, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Kwa mtu wa kazi yangu, kitabu kile ni hazina. Anaeleza jumba la Mtoni na mabirika yake ya kuogea, anaeleza asumini zinazotiwa kwenye nguo, na anaeleza asubuhi ya wakubwa: baada ya sala ya alfajiri matajiri hurudi kulala, na jua likipanda huamshwa na kijakazi anayewakanda viungo taratibu. Salme anasema ni raha. Naamini. Mtu anayeamshwa kwa kukandwa, misuli huamka kabla yake.

Ila soma tena utaona kijakazi hana jina. Hatuambiwi alitoka wapi, alifunzwa na nani, alianzia nyayoni au mabegani, yeye mwenyewe alilala saa ngapi. Tunamjua bibi aliyeamshwa. Hayo "Mabinti wa Sultani" yaliyoandikwa chini ya karatasi yetu ni hao, na mabinti wa Sultani hawakumkanda mtu.

Kisha kulikuwa na hamamu. Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, Shahrazad, mjukuu wa Shah, hamamu ya Kidichi katikati ya mashamba, karibu mwaka 1850. Barghash, mwanawe aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akajenga ya watu wote mjini, mtaa ambao mpaka leo unaitwa Hamamni. Fundi wake alikuwa Haji Gulamhussein, na hili tunalijua kwa sababu mafundi wa majengo huandikwa. Ndani kulikuwa na vyumba vya moto na vya baridi, sakafu iliyopashwa joto kutoka chini, mahali pa kunyolewa, mahali pa kukandwa. Wanaume na wanawake walikuwa na nyakati zao. Iliendelea mpaka miaka ya 1920 hivi, ikafungwa, na sasa watalii hulipa kiingilio kutazama mabirika makavu. Nimeingia humo mara nyingi na wageni wangu. Nimetazama kuta zote. Hakuna jiwe linaloonyesha mwili wa mtu wala nukta ya kubonyeza.

Mwaka 1897 utumwa ulifutwa kisheria Unguja. Waliokuwa wakikanda majumbani hawakufunguliwa chuo. Wengi wa walioachwa huru walikwenda kuishi Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenga mji wa mawe na mji wa udongo, na huko wakakutana watu wa kila asili: Wanyasa, Wayao, Wazaramo, Wangazija, Waswahili wa mashamba. Mimi naona ndiko kazi yangu ilikozaliwa upya, kwenye vyumba vya wanawake, mlango umefungwa. Unyago uliotoka bara ukakaa na desturi za harusi za mjini. Kungwi mmoja akawa anafundisha ngoma, usafi, adabu ya nyumba, na namna ya kumkanda mtu mpaka mchovu alale. Bi Kidude, aliyefariki 2013 na ambaye dunia ilimjua kwa sauti yake, hapa alijulikana pia kwa unyago wake. Wasichana aliowafunda wamejaa mitaa ya mji huu.

Yupo aliyeandika, nisije nikamdhulumu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alitoa maandishi ya desturi za Waswahili yaliyochapishwa Ujerumani mwaka 1903, na humo mna makungwi, mna harusi, mna uzazi. Anayetaka kujua pwani ilivyoishi ayasome. Lakini alikuwa mwanamume, na kazi za vidole hazikuwa shabaha yake. Anakupeleka mpaka mlangoni.

Nyuma ya mlango kuna singo. Biharusi husingwa siku kadhaa kabla ya harusi, na msingaji ni somo wake au mwanamke mzima wa ukoo mwenye mkono mwepesi. Singo ya bibi ilikuwa na mawaridi yaliyokauka, karafuu, mlangilangi, asumini, rihani, na liwa iliyosagwa kwenye jiwe, vyote vimetwangwa na kuchanganywa kwa marashi mpaka viwe kama uji mzito. Unapaka, unaacha kidogo ikaushe, unasugua. Takataka za ngozi zinatoka kwa vinyweleo, na ngozi inabaki na harufu ambayo sabuni haiiondoi siku mbili. Kinachofuata ni mafuta ya nazi na kukanda, kutoka nyayo kwenda juu, mgongo mwisho. Bibi hakuzungumza akisinga. Alivuma wimbo bila maneno, na hesabu ya mikono yake ilifuata wimbo ule.

Wageni hupenda niwaambie singo ni ya miaka elfu. Siwaambii hivyo. Karafuu zilianza kupandwa hapa mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo zilikuwa bidhaa ya majahazi, ghali, si ya kupaka mguuni kwa mkono mzima. Mlangilangi ni mti wa Asia ya mbali. Waridi linasifiwa Uajemi na Omani. Singo hii tunayoijua, yenye karafuu tele, ni mtoto wa mashamba ya karne ileile ya Ling na ya mawe ya Wat Pho, na mashamba yale yalichumwa na watumwa. Si ya kale kuliko wao wala si changa. Imechanganyika tu, nami siioni aibu ya kuchanganyika.

Tawi jingine la kazi ya bibi halipo kwenye karatasi kabisa, nalo ndilo lililo hai kuliko yote. Ni kumkanda mzazi. Mwanamke akijifungua, kwa siku arobaini kuna mtu wa kumkanda kwa maji ya moto na kitambaa: tumbo, kiuno, miguu, kisha anafungwa mkaja au kibwebwe tumboni. Nchi nzima ya Tanzania, visiwani na bara, wanawake wanaijua. Bibi alikuwa hodari, na maji yake yalikuwa ya moto kweli. Wauguzi wa siku hizi wanaonya, na wana haki: kizazi hujirudi chenyewe, maji yanayochemka huunguza, na mwenye kidonda cha upasuaji asikandwe tumbo. Mimi nikimkanda mzazi hutumia maji ya uvuguvugu, tumbo siligusi, naweka nguvu zangu mabegani na kiunoni, ambako kunyonyesha na kubeba kunamla mtu. Wakwe wengine hunung'unika kuwa sikandi kweli. Ila mzazi mwenyewe husinzia, na mzazi aliyesinzia katika wiki ile ya kwanza amepata kitu ambacho hakuna mwingine nyumbani anayempa.

Na wanaume nao wana lao, hata kama hawalitii kwenye hesabu moja na letu. Timu ya mpira yoyote ya maana ina mchua misuli, anakaa benchi pamoja na daktari, na mchezaji akianguka akishika paja huyo ndiye anayekimbia na mkoba. Mitaani kuna mafuta ya kuchua yanayouzwa kwenye vichupa na wapanda daladala, yanayowasha mpaka macho. Kuna kupiga chuku, zamani kwa pembe ya ng'ombe, sasa kwa vikombe vya plastiki na jina la hijama, na vijana wa mjini wanaipangia foleni. Mjomba wangu yuleyule aliyeuliza juu ya heshima anakwenda hijama kila msimu. Nikimwambia sisi ni watu wa kazi moja, anabadilisha mazungumzo.

Basi mteja akiniuliza ipi nzuri, haya yote sina nafasi ya kumwambia. Aliyeshuka kwenye ndege usiku na miguu imejaa, namwekea mikono mirefu ya yule Mholanzi, polepole, kuelekea juu. Aliyekaa ofisini mwaka mzima, shingo imekuwa mti, namlaza chini nimnyooshe kwa namna ya Siam, kama hana tatizo la uti wa mgongo. Asiyependa kuguswa ngozi, au anayevaa hijabu na hataki kuvua, Thailand au shiatsu. Wengi hawajui kuwa yapo masaji ambayo nguo hubaki mwilini, na nikiwaambia huwaona mabega yanashuka hata kabla sijawagusa. Anayetaka kunukia harusi ya mtu, singo. Mwenye homa, mwenye mguu mmoja uliovimba ghafla na una moto, mwenye mimba changa inayomsumbua, huyo simpi kitu kwenye karatasi. Namwambia akaonane na daktari kwanza, hata kama meneja ananitazama.

Meneja si mtu mbaya. Mwaka jana aliniomba nimwandikie maelezo mapya ya ile masaji ya chini kabisa, kwa kuwa mimi ndiye ninayeifanya na wageni wanauliza. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Nilikaa na daftari jioni kadhaa. Niliandika singo ina nini na imesagwa vipi. Niliandika kwamba tunaanza nyayoni na kumaliza mgongoni, kwa mafuta ya nazi yaliyokamuliwa Makunduchi. Mwisho nikaandika kwamba ufundi huu umetoka kwa wanawake watumwa waliokanda watu katika majumba ya Mtoni na ya mjini, ukapita kwa makungwi wa Ng'ambo na wakunga wa mashamba, na kwamba anayekukanda leo amefunzwa na bibi yake.

Alisoma, akasema ni nzuri sana. Singo akaiacha, nyayo akaziacha, Makunduchi akaipigia mstari kwa furaha. Sentensi ya mwisho aliifuta yote, akaniambia kwa upole kwamba wageni wapo likizo. Mabinti wa Sultani wamebaki palepale kwa herufi za mapambo, na bei imepanda.